Nyasi za Heri, Nyasi za Matanga

Mama yangu aliishi miaka kumi na saba katika nyumba isiyo na nyasi sakafuni. Kwa mgeni hilo si neno. Kwetu, zama zile, ilikuwa aibu ya kumfanya jirani apunguze sauti akipita mlangoni. Msonge wa Mhaya haukuwa na saruji wala mkeka wa kununua. Ulikuwa na nyasi mbichi zilizotandikwa chini, nene kiasi cha kuzamisha kifundo cha mguu, na mgeni aliketi juu yake akanyoosha miguu kama yuko kwake. Mwanamke aliyesifiwa alisifiwa kwa nyasi zake. Mvivu naye alijulikana kwa pua kabla hujamwona, maana nyasi zikikaa muda mrefu bila kubadilishwa hunuka kama zizi.

Nyumba ya mama, kule Kamachumu, ilikuwa na udongo mtupu uliofagiliwa hadi ukang'aa. Mgeni akija, aliwekewa kigoda. Wengine walisema anajifanya Mzungu. Mimi nilijua sababu, na nilikua nikiichukia, bila kujua kwamba nusu nyingine ya sababu hiyo nilikuwa nalala nayo nyumba moja.

Sasa mama amelala, bibi amelala, na mimi mwenyewe meno yaliyobaki ni ya kuhesabu. Naweza kusema.

Nililelewa Izigo na bibi, mama yake baba. Katika nyumba yake nyasi zilikuwa za aina mbili, na kila moja ilikuwa na jina lake la Kihaya. Hapa nitaziita kwa kazi zake. Za kwanza ni nyasi za heri: nyembamba, shina lina wekundu, laini mkononi, na ukizivunja hutoa harufu tamu inayokaa vidoleni mpaka kesho yake. Hizo tulizikata juu kabisa kwenye rweya, ule uwanda ulio nje ya vibanja vya migomba, mahali ng'ombe wanapolisha na ambapo moto huwashwa kila kiangazi. Zilitandikwa siku ya arusi, siku ya mtoto mchanga, Krismasi, na Jumapili yoyote ambayo bibi aliamka na furaha. Za pili ni nyasi za matanga: ndefu, zilizopauka, ngumu, zenye vinyweleo vinavyokwaruza miguu, hazina harufu yoyote. Hizo zilipatikana chini, ukingoni mwa bwawa, ambako moto haufiki. Mtu akifa, za heri zilitolewa zote zikatupwa kwenye migomba, na za matanga zikaingizwa ili wafiwa wazilalie.

Kuingiza za matanga katika nyumba yenye furaha kulikuwa sawa na kumwita msiba kwa jina lake. Bibi alinifundisha kuzitofautisha kwa ukali ambao hakuutumia hata kwenye Katekisimu. Alinifunga macho kwa kitambaa, akanipa konzi ya nyasi, akaniambia ninuse, nipapase, niseme. Nikikosea, nilipata kofi la bega. Nilipofika miaka minane sikukosea tena, na nilijivuna kwa hilo kuliko kusoma.

Ukali huo ulikuwa na chanzo. Nilipokuwa na miaka mitano, mama alizaa mtoto wa kiume. Ilipokaribia siku ya kumpa jina, mama, ambaye alikuwa ndiyo kwanza ametoka uzazini, alichukua mundu akaenda mwenyewe rweya kukata nyasi za kutandika, maana alitaka mwanawe apewe jina juu ya nyasi zilizokatwa na mkono wa mama yake. Alirudi alasiri na mzigo kichwani, akatandika nyumba nzima. Asubuhi yake mtoto alikuwa amekufa.

Nakumbuka vitu vichache. Nakumbuka watu wamejaa, wamesimama, hakuna aliyetaka kuketi. Nakumbuka baba akiwa ameshika nguzo ya nyumba kama anayezuia isianguke. Na namkumbuka bibi akiinama polepole, akachukua konzi ya nyasi kutoka sakafuni, akazinusa mbele ya wote. Akasema, "Hizi ni za matanga."

Zikapita mkono hadi mkono. Wanawake walizinusa mmoja baada ya mwingine. Kweli hazikuwa na harufu, na kweli zilikuwa zimepauka. Mama alilia kwamba amezikata juu, karibu na jiwe jeupe, pale pale walipozoea wote. "Nimezikata juu, waitu, jamani, nimezikata juu!" Nani amsikilize? Nyasi zilikuwa mkononi na mtoto alikuwa kwenye mkeka. Matanga yalipoisha, ukoo ulikaa, na mama akarudishwa kwao Kamachumu. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mpole, na upole wake haukumfaa mtu yeyote siku ile. Mwaka uliofuata alikwenda Uganda kulima pamba akafia huko.

Niliruhusiwa kumtembelea mama wakati wa likizo. Mwanzoni aliendelea kusema amezikata juu. Baadaye alisema, "Nilidhani nimezikata juu." Nilipokuwa msichana mkubwa alikuwa amefikia kusema, "Labda nilichoka nikaishia bondeni, mwanangu, sikumbuki vizuri." Mtu akishtakiwa muda mrefu huanza kutilia shaka miguu yake mwenyewe. Hakutaka tena nyasi ya aina yoyote ivuke kizingiti chake. Kanisani alikuja akaimba vizuri, lakini wanawake walipoitana kwenda kukatia nyumba ya bi arusi, yeye alisema mgongo unamuuma. Alikuwa na umri mdogo na mgongo wa chuma.

Basi mimi nilisoma, nikawa mwalimu wa darasa la pili katika shule ya wasichana. Kilikuwa kipindi kile baada ya vita kuu ya pili, Mwingereza ametulia kabisa, na Bukoba mjini kulikuwa na mke wa bwana shamba wa Kizungu ambaye kazi yake, kadiri tulivyoweza kuelewa, ilikuwa kuokota majani. Alihitaji mwanamke mwenye mwandiko mzuri, ajuaye Kiingereza kidogo, asiyeogopa kutembea rweya. Mwandiko wangu ulisifiwa, nikaitwa likizo ya katikati ya mwaka. Nilipanga chumba Hamugembe kwa mama mmoja Mwislamu aliyeuza maandazi, na kila asubuhi nikapanda kilima kwenda kwa memsahibu nikiwa nimeshiba.

Memsahibu alivaa kofia pana na viatu vya kiume. Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni, kimejaa leta na ngoja, lakini hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na vibao viwili vya kubania magazeti ya zamani kwa mikanda ya ngozi; mmea ukichimbwa unalazwa ndani ya gazeti, unakauka ukiwa bapa, kisha unapewa namba na karatasi yake. Kazi yangu ilikuwa kuandika karatasi hiyo: mahali, udongo, urefu, jina la wenyeji, matumizi. Alinieleza kwamba katika vitabu vyao kila mmea una majina mawili, la ukoo na lake mwenyewe, na kwamba jina likishatolewa na kuandikwa, anayekuja baadaye na jina lake huambiwa pole. Nikamwambia hata sisi tuna ukoo na jina, wala hatukuhitaji magazeti.

Tulizunguka naye hadi Muleba. Wanawake waliokuwa wakikata nyasi walituona wakaweka miundu chini ili wacheke vizuri.

"Waitu mwalimu," aliniuliza mmoja, "huyu ng'ombe wake wangapi?"

"Hana hata mmoja."

"Sasa nyasi za nini? Anakula mwenyewe?"

Niliona aibu, kisha nikacheka nao. Lakini tulipofika Izigo sikucheka. Nilimpeleka memsahibu juu kwenye jiwe jeupe nikamwonyesha nyasi za heri, kisha nikamteremsha ukingoni mwa bwawa nikamwonyesha za matanga. Nilimweleza kazi ya kila moja. Sikumwambia habari za mama. Alipiga magoti kwenye matope, akatoa lenzi yake, akatazama maua ya hizi na maua ya zile, akarudia mara nne. Maua, alisema, yanafanana mno. Akaniuliza kama wanawake wana hakika kwamba ni nyasi mbili.

"Wana hakika," nikasema. "Mtu akikosea, ndoa inavunjika."

Akanitazama, akaandika. Alifurahi hadi mashavu yakawa mekundu. Watu hawawezi kutenganisha vitu viwili kwa miaka na miaka bure, alisema. Moja kati ya hizi ni nyasi ambayo vitabu havijaijua, nayo itapewa jina la mto Kagera. Mimi nikajivuna mno. Za heri zikawa namba kumi na tisa, za matanga namba ishirini, na chini ya kila namba, kwa mwandiko wangu bora, niliandika inatandikwa arusini, inatandikwa msibani. Sanduku likapelekwa Ulaya. Aliondoka pia na mashina mawili yenye mizizi, moja la juu na moja la bondeni, akayapanda sambamba nyuma ya nyumba yake mjini. Niliona ni mchezo wa mwanamke asiye na watoto.

Nilirudi shuleni. Likizo ya mwisho wa mwaka, senene, wale panzi wetu wa kuliwa, walipokuwa wameanza kuanguka na mji mzima ukiwakimbilia, niliitwa tena. Memsahibu alikuwa barazani na barua mapajani. Alinipa nisome mwenyewe. Kiingereza kilikuwa cha kitaalamu lakini sehemu iliyohusika hata mtoto wangu wa darasa la pili angeielewa. Namba kumi na tisa na namba ishirini ni mmea mmoja. Una jina tangu zamani; ulipewa kutokana na mmea uliochumwa nchi nyingine kabisa. Tofauti zinazoonekana ni za umri, na za kuungua au kutoungua kwa moto. Wanashukuru kwa bidii.

Nilisoma mara tatu. Kisha nilikasirika. Nilisema, kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo mtu wa daraja langu hakutakiwa kuitumia kwenye baraza ile, kwamba hao wataalamu ni waongo, kwamba wamekaa huko kwenye baridi yao na majani yaliyokauka na hawajawahi hata siku moja kulala sakafuni. "Nifunge macho, memsahibu," nikamwambia. "Nifunge macho nikuonyeshe!"

Memsahibu alinyanyuka akanipeleka nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimeyasahau yale mashina mawili. Mwezi wa nane aliyachoma yote mawili kwa kiberiti, akayaacha mvua iyanyeshee. Sasa yalikuwa yamechipua, mafungu mawili ya nyasi changa, kila moja na kibao chake. Kumi na tisa. Ishirini. Yote mawili yalikuwa na wekundu shinani.

Nilichuma jani la namba ishirini, la bondeni, la matanga. Nikalivunja. Harufu iliyonipanda puani ilikuwa ya arusi.

Sijui namna ya kueleza kilichonipata. Watu husema walipigwa na butwaa, na mimi mwenyewe nimewafundisha watoto kulitumia neno hilo katika insha, lakini siku ile ndiyo nililijua. Niliketi kwenye udongo wa bustani ya Mzungu na sketi yangu ya kazini. Nikachuma la kumi na tisa, nikanusa. Nikachuma tena la ishirini. Nikafumba macho, nikabadilisha mkono kwa mkono hadi nikapoteza lipi ni lipi, na mimi, ambaye sikukosea tangu miaka minane, sikuweza kusema. Miaka yote ile ya kofi la bega! Na mama alikata juu. Alikuwa amekata juu, karibu na jiwe jeupe, kama alivyosema, na nyasi zilikuwa zilezile, zimezeeka tu bila moto.

Memsahibu aliona machozi akadhani nalilia jina la mto. Akanipigapiga mgongoni akasema tusikate tamaa, tutapata nyasi nyingine. Maskini, naye alikuwa na msiba wake.

Kesho yake nilipanda lori la kahawa. Njia ya kwenda kwa mama inapita Izigo, na nilishuka hapo kwanza. Sikumshuku bibi kwa lolote. Nilitaka ajue kwamba alikosea, alie, tuongozane kwenda Kamachumu kuomba msamaha, na mama arudishiwe heshima yake mbele ya wale wale walionusa. Nilikwisha panga hata maneno. Nilikuwa na majani mawili, la kumi na tisa na la ishirini, ndani ya kitabu changu cha nyimbo za kanisani.

Bibi alikuwa nje, jua limempata nusu, ungo wa senene mapajani, akiwanyonyoa mbawa na miguu. Nilimsalimu kwa magoti kama inavyopasa. Akaniuliza habari za mjini, nikasema ni nzuri, kisha sikuweza kungoja.

"Bibi, nyasi za heri na nyasi za matanga ni nyasi moja."

Alinyonyoa senene mmoja, akamtia kwenye bakuli. "Nani kakwambia?"

"Wazungu. Wamezichunguza Ulaya."

"Imewachukua muda gani?"

"Miezi sita."

"Mimi ilinichukua mwaka mmoja," akasema bibi. "Mwaka ule nilipoolewa mvua iliwahi, moto haukuwashwa rweya, nikaziona za heri zikizeeka pale juu zikawa za matanga, shina lile lile. Nikanyamaza. Mkwe wangu asingependa kufundishwa na bi arusi."

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Nilikuwa nimekuja na mshtuko wangu mmoja, nimeubeba kutoka Bukoba kwa uangalifu kama yai, na huyu bibi kizee ananipa mwingine huku akinyonyoa senene. Nilimtazama nisiamini kwamba ndiye aliyenibeba mgongoni.

"Ulijua?" nikasema. "Mama alipozileta, ulijua?"

"Mwaka ule pia moto haukuwashwa."

"Ulijua amezikata juu!"

"Nilimwona akipanda, mwana wange. Nilisimama hapa hapa nikamwona hadi kwenye jiwe."

Nikapiga kelele. Sijawahi kumpigia kelele mkubwa wangu kabla ya siku ile wala baada yake, na sikumbuki nilisema nini, nakumbuka tu kwamba kuku walikimbia. Bibi alingoja nimalize. Mikono yake haikusimama. Kisha akaniambia, bila kuniangalia, mambo ambayo kwa miaka kumi na saba hakumwambia mtu, hata mchungaji.

Mama alipokwenda kukata nyasi, mtoto aliachiwa bibi. Akalia. Alikuwa na mchango, tumbo likimnyonga, na bibi alijua dawa ya mchango, mizizi anayoichemsha, watoto wangapi wameinywa wakapona. Mama alikuwa ameshakataa. Alisema mtoto atapelekwa zahanati ya misheni. Bibi akaona haya ni maringo ya wasichana waliosoma. Akaichemsha, akamnywesha kwa kidole.

"Akanywa, akatulia," bibi akasema. "Nikafurahi kwamba ametulia. Mama yako aliporudi alimkuta amelala vizuri, akafurahi naye, akatandika nyasi zake. Asubuhi ndiyo tukamkuta."

"Ni dawa?"

"Labda ni dawa. Labda si dawa. Nimemuuliza Mungu hajanijibu." Hapo mikono ikasimama. "Watu walijaa. Baba yako akauliza, mtoto jana alikula nini? Wote wakanigeukia mimi, maana ndimi niliyekuwa naye. Nikainama. Sijui kwa nini niliinama, mwana wange, nadhani niliinama ili wasinione uso. Mkono ukakuta nyasi."

Hakulia. Nilingoja alie nikaona hatalia, nikaelewa kwamba alikwisha maliza machozi hayo zamani, peke yake. Pengine yaliishia katika kunilea mimi. Kila kofi la bega lile, kila kitambaa machoni, alikuwa akinijengea ukuta mimi nisije nikaona alichokiona yeye mwaka ule wa arusi yake. Nilitaka kumchukia. Nilijaribu kwa nguvu zangu zote, pale pale, nimepiga magoti. Akasukuma bakuli kwangu.

"Hawa nimekuwekea wewe," akasema. "Kwa mama yako utasema utakavyo. Mimi ni mzee."

Nilifika Kamachumu kesho yake kabla ya adhuhuri, kwa miguu sehemu kubwa ya njia. Mama alikuwa akifagia ule udongo wake. Nilimketisha kwenye kigoda chake mwenyewe, nikafungua kitabu cha nyimbo, nikampa majani mawili, nikamweleza yote ya memsahibu: sanduku, barua, mashina mawili yaliyochomwa kwa kiberiti. Nilimwambia avunje moja, kisha lingine, anuse. Yalikuwa yameanza kunyauka lakini harufu ilikuwapo.

Alinusa. Akanusa tena.

"Basi nilikata juu," akasema.

"Ulikata juu, mawe," nikasema, nikimwita mama kwa Kihaya chetu.

"Karibu na jiwe."

"Karibu na jiwe. Na hata ungekata bondeni, ni zile zile."

Aliziba mdomo kwa mkono, mabega yakatikisika, na ikachukua muda kabla sijajua kwamba anacheka. Alicheka kama mtu aliyeangusha mtungi akakuta haukuvunjika. Kisha alilia, kisha akasimama ghafla akauliza mundu uko wapi, kana kwamba mimi ndiye niliyekaa nyumba hiyo. Tukaenda rweya pamoja. Wanawake wawili waliokuwa huko walimwona anakata wakaacha kuzungumza. Alikata haraka, vizuri, bila kuchagua, mkono haukuwa umesahau hata kidogo, na aliporudi na mzigo kichwani alipita katikati ya njia, si pembeni kama alivyozoea.

Tulitandika kuanzia ndani kwenda mlangoni. Alitaka ziwe nene. Alizitandaza kwa mikono, akazikanyaga kwa miguu mitupu, akarudi nyuma akatazama, akaongeza. Nyumba nzima ilinukia. Mwishowe alikaa chini katikati, akanyoosha miguu kama mgeni, akapapasa nyasi huku na huku. Sijapata kumwona mtu mwenye raha namna ile, na nilidhani kazi yangu imekwisha.

Ndipo aliponiuliza. Hakuuliza kwa uchungu; aliuliza kama mtu anayetua mzigo mmoja akaona chini yake kulikuwa na mwingine.

"Sasa mwanangu alikufa na nini?"

Jibu lilikuwa mdomoni mwangu. Nililibeba kutoka Izigo, nililitembeza kilomita zote zile, nilikuwa nimeapa njiani kwamba nitalisema. Nikamwona bibi kizee yule peke yake na ungo wake. Nikaona ukoo ukikaa tena, vidole vikinyooshwa tena, safari hii upande ule. Nikaona pia mama akijua kwamba kwa miaka kumi na saba ameadhibiwa na mtu aliyemwona akipanda kilima. Macho yake yalikuwa juu yangu, yakingoja.

Nikainama. Nikachukua konzi ya nyasi sakafuni, nikazinusa.

"Zinanukia vizuri, mawe," nikasema.

Mama hakuniangalia usoni. Aliuangalia mkono wangu.